Nyumba Iliyokuwa Ikitoa Unga

Ukuta wa zamani unaotoa unga, ukiupitishia sponji yenye maji, unatoa harufu ambayo siwezi kuifananisha na kitu kingine. Watu husema inanukia kama mvua ya kwanza. Siyo. Mvua ya kwanza inanukia nje, hii inanukia ndani, kama sanduku la nguo za mtu ambaye hayupo. Juzi nilikuwa napaka rangi chumba cha mtu hapa Same mjini, mtaa wa nyuma ya stendi. Nilipopitisha sponji mara moja tu, nikakaa juu ya ndoo. Mwenye nyumba akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia vumbi. Akasema basi achana na kuosha, dada, piga rangi juu yake tu, itashika.

Hapo nikapandisha. Mimi rangi sijasomea popote, nimejifundisha kwa kuharibu kuta za watu na kuangalia simu, lakini hilo la "piga juu yake tu" naomba mtu asiniambie. Nilimjibu maneno ya hovyo mpaka mke wake akatoka jikoni kuangalia kuna nini. Maskini yule baba, hakuwa na baya. Hakujua tu kwamba mimi nimekulia kwenye nyumba iliyopigwa rangi juu yake tu.

Nyie wenzangu mliolelewa na bibi zenu milimani huku mama yuko mjini anatafuta maisha, mtanielewa bila maelezo mengi. Bibi yangu alikuwa Suji, juu, kule ambako asubuhi ukifungua mlango ukungu unaingia kabla hujatoka. Nyumba yake ilikuwa ya tofali mbichi, na kila mwaka Krismasi ikikaribia alikwenda kuchimba udongo mweupe kwenye ukingo juu ya mfereji. Alirudi nao kwenye ndoo kichwani, akauloweka kwenye beseni lililopasuka mdomo, akaukoroga mpaka ukawa kama uji mwepesi, halafu akaupaka ukutani kwa kitambaa. Kufika jioni nyumba imekuwa nyeupe, inang'aa, tumbo lake linaonekana kutoka ng'ambo ya bonde. Wamama wote walifanya hivyo. Hakuna aliyekwangua wa mwaka jana. Tabaka linakuja juu ya tabaka, nyumba zinanenepa kidogo kidogo kama watu.

Mwaka mmoja mjomba Elifuraha, kaka yake mama, akapanda kutoka Same na ndoo ya rangi ya dukani, rangi ya maziwa. Mjomba alikuwa mtu wa kujisikia. Alivaa shati jeupe hata akienda shambani. Akatuambia mambo ya udongo ni ya kizamani, mwaka huu nyumba ya mama yake itapakwa kama nyumba za Same. Akaitia ile rangi maji mengi ili itoshe nyumba nzima na choo pia, akaipaka juu ya udongo wa miaka yote hiyo. Hakuosha wala hakukwangua kitu.

Krismasi ile watu walikuja kuitazama. Mama Eliamini, jirani yetu, aliipapasa kama anapapasa ng'ombe anayetaka kumnunua. Bibi akatembea amenyanyua kidevu. Lakini masika yalipopita na jua likarudi, ukuta ukaanza kutoa unga. Sasa hivi najua kwa nini, naweza kukueleza mpaka ukaomba nikuache: rangi ilikuwa imeshika udongo, na udongo wenyewe haujashika kitu. Wakati ule nilichojua ni kwamba ukiegemea ukuta wetu, unaondoka nao. Ukikaa kwenye benchi la nje unasimama na mgongo mweupe. Ukipita mlangoni na mzigo, bega jeupe. Paka wetu alikuwa mweusi, akawa na ubavu wa kijivu.

Shuleni sweta letu lilikuwa la bluu iliyokoza, kwa hiyo hapakuwa na kujificha. Kulikuwa na kijana mmoja wa darasa la juu yangu, kila asubuhi ananisubiri mstarini.

"Ninyi kwenu mnalala mashineni?"

Siku ya kwanza nilijipangusa, nikapita. Siku nyingine akasema, "Mwambie bibi yako atupimie kilo mbili za sembe." Kunisema mimi ni sawa, lakini bibi? Nilimrukia. Sikumbuki nilimpiga wapi, nakumbuka tu nilirudi nyumbani na mkono wa sweta unaning'inia, na moyo wangu umetulia kabisa.

Bibi aliushona ule mkono jikoni, kwenye mwanga wa moto. Hakunigombeza. Alikuwa na tabia ya kuniita mke mwenzake, kama bibi wote wanavyotania wajukuu.

"Sasa mke mwenzangu, umempiga mtoto wa watu kwa sababu ya unga?"

"Amekutukana."

"Unga wenyewe ubaya wake nini? Si vizuri? Hata ukipotea sokoni Makanya, mtu akikuangalia mgongo atajua huyu ni wa nyumba ile. Atakurudisha."

Alikuwa ananibembeleza tu. Lakini mtoto, ukimwambia kitu wakati amelia, anakishika kama kilivyo. Nililala nikijua kwamba nyumba yetu inawawekea alama watu wake, na mwenye alama lazima arudi. Na mtu wa kwanza niliyemfikiria hakuwa mimi. Alikuwa mama.

Mama yangu, Nakunda, alifanya kazi kwenye mgahawa hapa Same, wa wasafiri wa mabasi. Alikuwa anapanda Suji akipata nafasi, wakati mwingine Jumamosi, wakati mwingine mwezi mzima kimya. Akija ananukia vitunguu na sabuni ya kufulia. Alipenda kukaa kwenye benchi la nje, ameegemea ukuta, kanga ameifunga kifuani, mimi kichwa changu kwenye paja lake, anachambua maharage na kutusimulia vituko vya abiria. Akisimama kuondoka, mgongo wote mweupe. Bibi alikuwa na desturi ya kumpangusa kwa kiganja, pa, pa, pa, kabla hajaenda barabarani kusubiri gari. Baada ya yale maneno ya jikoni nikaanza kuingilia kati.

"Bibi, muache."

"Nimuache aende mjini kama samaki wa kukaangwa?"

"Muache hivyo hivyo."

Nilimng'ang'ania bibi mkono kabisa. Mama alicheka, akaondoka na unga wake. Baada ya wiki chache akarudi. Nikajua nilikuwa sahihi.

Halafu ikaja siku ambayo alikuja na hakukaa. Nilikuwa natoka kuteka maji, nikamkuta amesimama uani na mkoba begani, bibi amesimama mlangoni, katikati yao kuna nafasi kubwa kama wanagombea kiwanja. Waliongea Chasu, Kipare chetu, haraka haraka, kwa sauti ya chini, na mimi nilipotokea wakanyamaza. Mama akaniinamia akanibusu kwenye paji la uso. Uso wake ulikuwa na maji. Akashuka njia. Nilimwangalia anavyoshuka, na nilichokiona siyo machozi yake, siyo bibi aliyegeuka akaingia ndani. Niliona mgongo. Gauni la kahawia, safi, halina hata chembe.

Nikakimbia nimwambie arudi aegemee. Niliita mpaka kona. Hakusikia, au alisikia.

Hakuja mwezi ule, wala uliofuata. Krismasi ilikuja bila yeye. Mjomba alileta soda na mchele, na kila mtu alikula akiangalia sahani yake. Nilipouliza mama yuko wapi, mjomba alisema Kihurio, anafanya kazi. Kihurio ni tambarare, upande wa pili wa milima, kwenye mashamba ya mpunga. Kwa akili yangu ilikuwa mbali kuliko Ulaya, maana Ulaya angalau nilikuwa nimeiona kwenye kalenda. Kanisani nilisikia wamama wawili nyuma yangu wakisema "binti wa Bibi Nakijwa", yaani mama yangu, wakisema "dini", halafu wakakohoa. Sikuunganisha chochote. Mimi nilishajua sababu. Aliondoka bila alama, nyumba ingemrudishaje?

Niseme ukweli, niliutunza ule ukuta. Wakati watu wote wanaulaani, mimi nilikuwa naupapasa nikipita, nanusa viganja. Nilijiambia siku akija, hata kwa dakika moja, nitamsukuma mgongo pale na mchezo umeisha.

Kwa hiyo fikiria siku niliyorudi shule nikamkuta mjomba uani, amevua shati lake jeupe, ana skrepa na brashi ya waya, na Mama Eliamini na wenzake wawili wamekaa wanapukuchua mahindi. Siyo kwa ajili ya chakula. Walikuwa wanataka magunzi ya kusugulia ukuta. Ilikuwa kama msaragambo, ile kazi yetu Wapare ya kuitana wote kuchimba mfereji au kutengeneza barabara, ila safari hii wameitwa kwa nyumba moja.

"Mnafanya nini?"

"Tunautoa huu ugonjwa," mjomba akasema. "Mpaka kwenye tofali."

Nilitupa begi. Nikaenda kujibandika ukutani, mikono nimeitandaza.

"Toka hapo."

"Sitoki."

"Wewe mtoto, nina kazi."

"Nenda kafanye kwenu."

Wamama wakaacha kupukuchua. Mjomba akaniangalia kama ameona kuku anaongea. "Hapa siyo kwetu? Nimezaliwa chumba hicho hapo. Kwani huu ukuta ni wako?"

"Ni wa mama."

Alinishika mkono kunivuta, nikamng'ata. Siyo kidogo. Alipiga yowe, Mama Eliamini akacheka mpaka punje zikamwagika, na bibi akatoka jikoni na mwiko.

"Mwacheni," akasema. Akaja mbele yangu. "Mke mwenzangu, una nini na ukuta?"

Nikamwambia yote, kwa fujo, nikilia na makamasi. Kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyesema. Kwamba mama safari ile hakuegemea. Kwamba wakiutoa unga, mama hata akija ataondoka hana kitu mgongoni na hatarudi tena, na itakuwa kosa lao.

Hakuna aliyecheka. Mjomba alikuwa amejishika mkono, akageuka akaangalia migomba. Bibi alikaa kwenye benchi taratibu, mwiko kwenye mapaja.

"Mama yako hakuzuiwa na ukuta," akasema. "Alizuiwa na mimi."

Ndivyo nilivyojua. Mama alikuwa ameolewa Kihurio na Muislamu, mkulima wa mpunga, na amebadili dini na jina. Siku ile ya uani alikuja kuomba baraka, na bibi, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na alikaa benchi la mbele, alimwambia asikanyage tena hapo na jina lake jipya. Alinieleza kama anavyomweleza mtu mzima. Hakujitetea.

"Sasa nimewaita," akasema. "Yeye, na mume wake, na wakwe zake. Wanapanda Jumamosi. Wale watu hawajawahi kufika kwangu. Nitawakalisha wapi, kwenye huu ukuta? Washuke mlimani na migongo imechafuka, mama yako akacheke na nani huko? Waseme ndiko alikotoka?"

Nilifikiri. Kisha nikaomba gunzi.

Kazi ile ilikuwa chafu, jamani. Mjomba alikwangua kwa skrepa, na miaka yote ya bibi ikadondoka kwa vipande. Ukikiangalia kipande kwa ubavu unaona mistari, mweupe, kijivu cha moshi, mweupe tena, kama keki. Sisi tulifuata kwa magunzi na brashi ya waya. Baada ya hapo tukaosha kwa maji, na hapo ndipo ile harufu ilipopanda. Bibi alisimama katikati ya chumba, akavuta pumzi ndefu, akasema, "Huyu ni mama yangu mkwe, yeye ndiye alianza huu ukuta." Halafu akaendelea kuosha.

Shida ikawa ukungu. Ulishuka Jumatano, ukakaa. Mjomba alikuwa na praima safari hii, ile rangi ya chini ya kushikisha ukuta, aliulizia dukani Same mpaka wakamchoka, na hakutaka kuiongezea maji hata tone. Lakini ukuta ukiwa na maji huwezi kuupaka, utakuja kubanduka tena, na wetu ulikuwa umelowa kama sponji. Mjomba akakosa subira, akasema ahatarishe. Bibi akamwambia, "Ulihatarisha mara ya kwanza." Mjomba akaweka brashi chini. Bibi akaweka majiko ya mkaa kila chumba, akafungua madirisha, akawa anapita na kiganja anapapasa ukuta kama anapima homa ya mtoto. Alhamisi bado. Nilikwenda kusimama barabarani kuutukana ule ukungu, natania lakini kweli nilitukana. Ijumaa jua likatoka kama lilikuwa linasubiri tu kuombwa. Bibi alipopapasa akakuta pakavu, praima ikaingia adhuhuri, rangi jioni, na Jumamosi wakati kuku wanashuka mtini mjomba alikuwa anamalizia mkono wa pili wa rangi upande wa barazani.

Wageni walifika na gari la kukodi. Akatangulia baba mkwe, mzee mrefu, kanzu nyeupe na kofia nyeupe. Nyuma yake wadogo zake wawili, kanzu nyeupe, kofia nyeupe. Na mume wa mama, Shabani, kanzu nyeupe. Mama Eliamini aliwaangalia wanavyopanda ngazi, akamnong'oneza bibi, "Hawa tungewaacha tu waegemee, nani angeona?" Bibi aliuma ukingo wa kanga yake asicheke mbele ya wakwe.

Halafu akashuka mama. Amevaa baibui jeusi, mtandio kichwani, amenenepa kidogo mashavuni. Nilisahau kukimbia. Alipiga goti mbele ya bibi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," bibi akasema. "Umechelewa. Chakula kinapoa."

Mbuzi alikuwa amechinjwa na Muislamu mwenye duka kule chini, bibi alimtumia mtu akampandisha tangu asubuhi ili wageni wale kwa amani. Walipoambiwa, yule mzee alimwangalia bibi, akainamisha kichwa. Walikula makande na nyama na ndizi. Mwanzoni watu waliongelea mpunga na bei ya mbolea kwa sababu hakuna aliyejua waongelee nini. Kisha birika la kunawia likafika mkononi kwa bibi, naye akageuka kwa mama na kusema, kwa sauti ya kawaida tu, kama amelisema jina hilo maisha yake yote:

"Zaina, wanawishe wazee."

Mama alilichukua birika. Alimimina huku anamwangalia bibi, maji yakamwagika kwenye kanzu ya baba mkwe, na mzee akasema haidhuru, binti yangu, yatakauka.

Baada ya chakula mama alikuja kukaa na mimi kwenye benchi la nje. Aliegemea ukuta. Nilisubiri asimame, nikazunguka nyuma, nikaangalia. Baibui lilikuwa jeusi tupu. Nilipitisha kiganja, hakuna kitu. Akauliza natafuta nini, nikasema mdudu.

"Nimekuja kukuchukua," akasema. "Shabani amekubali. Kuna chumba. Shule iko karibu, huna kupanda mlima."

Hicho ndicho nilichokuwa nimekiomba kila usiku tangu siku ya gauni la kahawia. Nilishaota mpaka begi nitakalobeba. Na nilimpenda yule mama, jamani, harufu yake ilikuwa imebadilika, sasa ni udi kidogo na wali, lakini chini yake palikuwa na yeye yule yule. Nikaangalia mlango wa jikoni. Bibi alikuwa ameinama anaosha masufuria. Alikuwa ametusikia, maana sufuria alilokuwa anasugua lilikuwa safi na aliendelea kulisugua.

"Nenda, mke mwenzangu," akasema bila kugeuka. "Kihurio wanakula wali kila siku."

Mgongo wake ulikuwa mdogo. Sikuwahi kuuona ni mdogo namna ile. Mjomba angerudi Same jioni, Mama Eliamini angekwenda kwake, na nyumba nzima safi ile ingebaki na mtu mmoja na paka.

"Nitakuja likizo," nikamwambia mama.

"Likizo?"

"Sasa bibi atabaki na nani?"

Mama hakubishana. Nadhani na yeye alikuja na wasiwasi huo huo. Alinikumbatia mpaka nikakosa hewa, na wote wawili hatukusema neno, kwa sababu tungesema, ningepanda gari. Mpaka leo mama yupo Kihurio, ana wajukuu, tunapigiana simu karibu kila siku, na bado kuna kitu kati yetu ambacho hatukukipata na hatutakipata, ile miaka ya kuamshana asubuhi. Sijutii. Naitamani tu. Mtu anaweza kuamua sawasawa na akaumia vile vile, na sijawahi kuona wa kumlaumu.

Walipoondoka nilisimama ukingoni mwa barabara. Gari la kushuka Suji hupiga honi kila kona, kwa sababu huwezi kuona anayepanda. Nilisikia honi ya kona ya kwanza, karibu kabisa, kisha ya pili ikiwa chini ya migomba ya jirani, kisha nyingine, ndogo, kisha ndogo zaidi, mpaka ikawa siyo sauti, ni mimi tu nasikiliza. Nikasubiri nyingine. Haikuja.

Nilirudi ndani. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, bado ameshika lile sufuria.

"Leo usiku tunakula nini?" nikamuuliza.

Alinigeukia, akasogea upande mmoja wa kigoda ili na mimi nipate pa kukaa.